Usharika, Kisiwa na Miaka Mia Ijayo: Funzo la Michenzani



UTANGULIZI

Usharika unapotimiza miaka 100, vitabu vya ubatizo hufunguliwa, majina ya waliotangulia husomwa, na picha zilizofifia hutolewa sandukuni ili watoto wazione nyuso za babu na bibi zao. Ni jambo jema, tena ni haki ya marehemu. Lakini umri huo una swali lake la pili, ambalo mara nyingi huachwa mpaka sherehe zikaisha: ni nini kinachopangwa leo ambacho mtoto aliyebatizwa mwaka huu atakikuta kingali kinafaa siku atakapokuwa mzee?

Swali hilo halijibiki ndani ya kuta za kanisa peke yake. Washarika wa Unguja wanaishi juu ya kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 85, pamoja na majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Wanapanda daladala moja, wananunua samaki soko moja, wanakunywa maji yatokayo ardhi moja. Kisima kikiingia chumvi, huwa chumvi kwa Mkristo na kwa Mwislamu. Nabii Yeremia, katika barua yake kwa mateka wa Babeli iliyomo katika sura ya 29, hakuwaacha watu wake wakae na mizigo iliyofungwa mlangoni. Aliwahimiza wajenge na kupanda, na wautafutie heri mji waliomo, maana heri yao ilikuwa imefungamana na heri ya mji huo. Ikiwa mateka waliagizwa hivyo, sembuse wenyeji ambao makaburi ya wazazi wao yamo katika kisiwa hiki?

Kwa hiyo mazungumzo haya yanahusu mipango ya muda mrefu ya kisiwa, mjini na mashamba, na hoja yake ni fupi. Mpango hudumu kwa mambo mawili: wenyeji wawemo barazani siku unapowekwa, na mtunzaji wake awe amejulikana kabla ya jiwe la msingi. Mfano wa kwanza u karibu, kwa maana hauko mbali na Darajani. Ni Michenzani.

1. MICHENZANI: JINA LA MITI, MAHALI PA SARUJI

Jina la Michenzani lataja michenza, miti izaayo machenza. Anayesimama leo kwenye mzunguko wa barabara pale hauoni mchenza. Huona barabara mbili pana zikikatana, na kando yake majengo marefu ya ghorofa yaliyopangwa kwa safu kama askari wa gwaride. Unasimama pia mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na jirani yake ni jengo la maduka lililojengwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

Kabla ya saruji hiyo palikuwa na mtaa wa Ng'ambo, yaani ng'ambo ya hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, zilizoezekwa makuti na baadaye mabati, kila moja na baraza yake mbele na ua wake nyuma. Humo waliishi wachukuzi, mafundi, wapishi, wavuvi, watoto wa waliokuwa watumwa, na wahamiaji kutoka bara. Hawakuwa watu wasio na sauti: mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba wananchi wa kawaida hawajui mambo ya ardhi na mipango.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alikusudia kuwatoa watu hao katika nyumba za udongo na kuwaweka katika makazi ya kisasa. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki mapema, na nchi hiyo ikaleta wataalamu na vifaa. Nyumba za Kikwajuni na Kilimani zikajengwa, na mwaka 1968 mtaalamu wa Kijerumani, Hubert Scholz, akahusika na uchoraji wa mpango mkuu wa mji. Kwa Mlutheri kuna la kutafakari hapa. Ndani ya mipaka ya nchi iliyoleta wataalamu hao ndimo ilimokuwa Eisleben, alikozaliwa Martin Luther, na Wittenberg, alikofundisha. Wataalamu hao hawakutumwa na kanisa. Walakini nao walikuja na imani yao, kwamba jengo jipya litazaa jamii mpya.

Kazi ya Michenzani iliendelea katika miaka ya 1970, hata baada ya Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa kupisha barabara na majengo, na wananchi walitoa nguvu zao katika kazi za kujitolea. Yaliyokamilika yalikuwa sehemu tu ya yale yaliyochorwa.

Ni lazima haki itendeke kwa kazi hiyo. Familia ambazo hazikuwahi kuota kuwa na sakafu ya saruji, umeme na choo cha ndani zilipata vyote hivyo, na zaidi ya nusu karne baadaye majengo yale yangali makazi ya watu. Anayeyacheka leo na ajiulize yeye amemjengea nani. Lakini ramani ile ilikuwa na pengo. Ilionyesha waziwazi mahali pa kila ngazi na kila dirisha. Haikuonyesha waziwazi fedha ya kutunza paa, mabomba na ngazi hizo itatoka wapi mwaka wa ishirini na mwaka wa arobaini. Maji yalipopungua nguvu, wakazi wa ghorofa za juu wakajifunza kupanda ngazi na ndoo. Ua wa nyuma, ambamo mama alipika, alianika nguo na kufuga kuku, haukuwa na mahali pake katika ghorofa ya tano. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Michenzani yaongeza kwamba ukuta wa ghorofa una nyufa nyingi kuliko mkono wa mkazi mmoja unavyoweza kuziba.

Fikra ile haikuishia mjini. Maghorofa ya namna hiyo, yaliyoitwa nyumba za maendeleo, yalipelekwa mashamba pia: Bambi, Gamba na Makunduchi ni baadhi ya mahali ambapo msafiri huyakuta hadi leo, yakisimama kati ya minazi na migomba. Hapo ndipo swali la Michenzani linapokuwa swali la kisiwa kizima. Mkulima ambaye maisha yake ni jembe, kuni, mbuzi na kisima alipewa nyumba iliyochorwa kwa mfanyakazi wa kiwandani wa nchi ya baridi. Nia ilikuwa kumheshimu. Kilichokosekana ni kumwuliza.

2. KALAMU ZA WAGENI

Michenzani haikuwa ramani ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka 1923 Mwingereza Henry Vaughan Lanchester alitoa mpango wa mji wa Zanzibar. Mwaka 1958 ukaja mpango wa Kendall na Mill. Mwaka 1968 ukaja wa Wajerumani Mashariki, na mwaka 1982 ukaja wa wataalamu wa China. Katika miaka 60 hivi, mji mmoja ulichorwa mara nne, na kila mara kalamu ilikuwa mkononi mwa mgeni. Wageni hao walitofautiana kwa siasa kama mashariki na magharibi, lakini katika jambo moja walifanana: kila mmoja aliitazama Ng'ambo kama mahali palipokosa utaratibu, panaposubiri kunyoshwa.

Wakati ramani zikichorwa, watu walijenga. Mji ukavuka mipaka ya kila mpango, ukaelekea Magomeni, Mwanakwerekwe, Fuoni na kwingineko, nyumba kwa nyumba, mara nyingi bila mifereji ya maji ya mvua na bila kuacha uwanja wa watoto. Bonde lililokuwa likipokea mvua za masika likajengwa, kisha masika ikaja kulitafuta bonde lake. Ikumbukwe kwamba waliojenga huko hawakuwa wakaidi. Walikuwa watu waliohitaji nyumba mwaka huohuo, ilhali mpango uliokuwa ofisini haukuwafikia.

Katika miaka ya 2010 ulifuatwa mwendo mwingine. Idara ya Mipango Miji na Vijiji, ikishirikiana na mji wa Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters, ilitengeneza mpango wa eneo ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kazi yake ilianza kwa kutembea mitaani na kuwauliza wakazi wanathamini nini: baraza gani, mti gani wa kivuli, kiwanja gani, nyumba gani yenye kumbukumbu. Mambo yaliyohesabiwa zamani kuwa uchafu wa kufagiliwa yakaandikwa kuwa urithi. Kwa hakika kuandika si kutekeleza, na mpango huo nao utapimwa kwa utekelezaji. Lakini jina lake limebeba badiliko kubwa. Lanchester angeweza kuandika Ng'ambo iwavyo, Scholz angeweza kuandika Ng'ambo itakavyokuwa. Ni mkazi peke yake awezaye kusema tuitakayo.

3. KISIWA CHA MAWE, MAJI NA WATU

Ili kuona ukubwa wa jambo lenyewe, yafaa kutazama hesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar yote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Ni ongezeko la takriban asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi ya watu hujirudufu katika muda wa miaka 19 hivi. Kwa wastani, kila kilomita ya mraba ya visiwa hivi ina watu zaidi ya 700. Karibu nusu yao, yaani watu 893,169, wako katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Mtoto aliyebatizwa mwaka huu atakapofunga ndoa, huenda kila mlango anaouona leo ukawa na mlango wa pili kando yake.

Ardhi haiongezeki hivyo. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo wenye kina, unaostawisha mikarafuu, minazi, migomba na mpunga. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, nchi ya mawe ya matumbawe, ambayo mkulima hutafuta udongo katika mashimo ya mawe na kupanda muhogo, mtama na choroko. Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi wengi eka tatu tatu. Ulikuwa ukombozi kwa mtu aliyekuwa akilima kwa hisani ya mwingine. Lakini eka tatu za babu, zikigawanywa kwa watoto kisha kwa wajukuu, hugeuka viwanja vya nyumba, na mashamba yaliyo kando ya barabara za mji yamekuwa yakiliwa na matofali mwaka baada ya mwaka.

Jambo lililo zito kuliko ardhi ni maji. Unguja haina mto mkubwa wala ziwa. Mvua huzama katika mawe yenye matundu, na maji yake matamu hukaa chini kama tabaka jepesi juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Ukiteka kwa kiasi, mvua ya masika hurudisha. Ukivuta kwa pampu kubwa kupita kiasi, hasa karibu na pwani, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Watawala wa zamani walilifahamu hitaji hilo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, na msitu wa Masingini ulio juu ya mji umehifadhiwa kwa sababu ndio unaolinda vyanzo vya maji. Anayekata mti Masingini anakata bomba la Michenzani, ijapokuwa hana shoka karibu na bomba hilo.

Juu ya wenyeji huongezeka wageni. Mwaka 1985 watalii walikuwa takriban 19,000. Mwaka 2024 walizidi 730,000. Wageni hao huleta ajira na fedha, na hapana mtu wa busara anayetaka wafukuzwe. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern, uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulionyesha kwamba kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000. Hoteli ikichorwa bila kisima cha jirani kuwamo katika ramani, ugomvi umekwisha kuchorwa pia.

Kisiwa kilifundishwa pia hatari ya kutegemea kamba moja. Umeme wa Unguja ulikuwa ukitoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Mwezi Desemba 2009 ukakatika tena, mara hii kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama pamoja na taa, na ndoo ya maji ikawa bidhaa. Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Funzo halikuwa geni: chombo kina umri wake, kama mtu, na siku ya kukiweka ndiyo siku ya kuanza kuweka akiba ya mrithi wake.

Vivyo hivyo kwa mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mama wa maweni akawa na fedha aliyoipata kwa mikono yake mwenyewe. Alisomesha watoto, akaezeka bati. Kisha maji ya bahari yalipozidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa katika maji ya kina kifupi, na kilichobaki ni aina ya bei ndogo. Walioanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni wamepata thamani zaidi. Hata hivyo mama anayeuza mwani mkavu kwa bei iliyopangwa mbali naye bado ameushika mwisho wa kamba ambayo mwanzo wake hauoni.

4. WENYEJI WALIPOKAA BARAZANI

Je, kuna mipango iliyoshika? Ipo, na mingi yake iko mashamba, ambako watu walizoea kupanga kabla ya neno mipango kuandikwa ofisini. Katika miji ya kale ya Wahadimu kusini na mashariki mwa Unguja, mambo ya ardhi na ya jamii yalisimamiwa na wazee walioitwa watu wanne. Kulikuwa na ardhi ya kiambo iliyokuwa ya ukoo, na kulikuwa na uwanda uliotumiwa na wote. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini kila mtu alimjua wa kumwuliza.

Mfano wa kwanza ni Jozani. Msitu huo ndio makao ya kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani ila Zanzibar. Jina la punju lina maana ya sumu, maana wakulima waliamini kwamba mti alioula hufa. Kwa mkulima wa Pete au Kitogani, kima alikuwa mwizi wa shamba, na kuambiwa amlinde kulikuwa sawa na kuambiwa amfugie mwenzake mbuzi kwa muhogo wake mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1990, Idara ya Misitu na shirika la CARE walikaa na vijiji vinavyouzunguka msitu. Ukakubaliwa utaratibu ambao sehemu ya viingilio vya wageni hurudi vijijini na sehemu hufidia wakulima ambao mazao yao huliwa. Mwaka 2004 eneo hilo likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Fedha hizo zimesaidia shule, afya na maji, na kima aliyekuwa mwizi akawa mlipa ada. Utaratibu huo una udhaifu wake: mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia wageni, kilichotegemea wageni kilikauka. Tena mahitaji ya kuni na makaa hayajaisha. Lakini msitu bado upo, na wenye shoka ndio walinzi wake.

Mfano wa pili ni Misali, kisiwa kidogo kisicho na wakazi magharibi mwa Pemba, ambako wavuvi hupiga dago. Kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Sheria ya serikali ilikataza baruti na nyavu za kuharibu matumbawe, lakini askari ni wachache na bahari ni pana. Ndipo viongozi wa dini ya Kiislamu walipoombwa kufundisha kwa mujibu wa Kurani kwamba mwanadamu ni khalifa, mwangalizi aliyewekwa juu ya mali isiyo yake. Neno lililotoka msikitini liliingia mahali ambapo tangazo la ofisi halikufika. Kanisa lina kila sababu ya kuliheshimu jambo hilo, kwa kuwa fundisho la uwakili juu ya viumbe vya Mungu limo katika katekesimu yake pia, na pengine halijahubiriwa kwa wavuvi wake kwa bidii kama hiyo.

Mfano wa tatu ni wa pweza. Katika miaka ya karibuni vijiji kama Kisiwa Panza kule Pemba na Kizimkazi hapa Unguja vimekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, kisha kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Pweza hukua upesi mno, na anayeachwa miezi mitatu hurudi akiwa na uzito wa kutosha kulipa subira. Hapa hapahitajiki saruji wala mkopo. Linalohitajika ni mkutano wa kijiji, walinzi wanaoaminika, na uchungu wa kumwambia ndugu kwamba leo haendi mwambani hata kama chungu ki tupu. Penye makubaliano dhaifu, mwizi wa usiku mmoja huharibu subira ya kijiji kizima.

5. WAJIBU WA USHARIKA

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina mipango yake mikubwa. Dira ya 2020 ilianza mwaka 2000, na Dira ya 2050 ikaifuata, ikiweka mbele uchumi wa buluu. Usharika hauandiki dira ya nchi. Lakini usharika uko katika shehia, na mpango wa kila namna, uwe wa barabara, wa kisima au wa kiwanja, hugusa ardhi ya shehia fulani. Mkristo asiyehudhuria mkutano wa shehia yake asishangae kukuta ramani imekwisha kupigwa muhuri.

Yapo maswali matatu ambayo mzee wa kanisa, kama jirani yeyote, anaweza kuyauliza mbele ya kila mpango. La kwanza: nani walikuwapo ulipochorwa? La pili: maji yake yatatoka wapi, na maji machafu yatakwenda wapi? La tatu: nani atautunza baada ya miaka 20, na kwa fedha ipi? Mpango unaojibu yote matatu wastahili kuungwa mkono hata kama umeletwa na mgeni. Mpango usiojibu hata moja wastahili kurudishwa barazani hata kama umeletwa na mtoto wa nyumbani.

Maswali hayohayo na yaanzie ndani. Katika historia ya makanisa mengi, fedha ya kujenga hupatikana kwa harambee na shangwe, na fedha ya kupaka rangi hupatikana kwa malalamiko. Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara ambaye yampasa kukaa kwanza na kupiga hesabu. Hesabu hiyo isiishie kwenye kofia ya mnara. Kumbukumbu nzuri ya miaka 100 ingekuwa mfuko wa matengenezo wenye kitabu chake peke yake, usioguswa kwa sherehe wala kwa safari. Paa la kanisa ni pana, na mvua ya masika inayolidondokea hupotea mtaroni: tangi la kuivuna lingewanywesha washarika na majirani siku pampu zikisimama. Kiwanja kisichojengwa bado kiachiwe miti na watoto, maana kisiwa chenye watu 700 katika kila kilomita ya mraba kinahitaji mahali pa kivuli kuliko kinavyohitaji ukumbi wa pili. Tena hati za viwanja, ramani na kumbukumbu za vikao zihifadhiwe kwa nakala mahali pawili, kwa kuwa ugomvi mwingi wa ardhi huanza pale mzee aliyekumbuka mpaka anapozikwa.

Liko na jambo la vijana. Kijana wa maweni huuza sehemu ya urithi wake ufukweni ili anunue pikipiki. Pikipiki huisha katika miaka mitano, na jengo lililosimama juu ya kiwanja kile litamkuta mjukuu wake akiomba ruhusa ya kupita kwenda pwani. Kumkemea hakutoshi. Kijana huyo anahitaji mzee wa kukaa naye kabla ya kutia sahihi, mtu wa kumsomea mkataba, na kazi itakayomfanya aione ardhi kuwa na faida bila kuiuza. Usharika wenye walimu, makarani, mafundi na wastaafu ndani yake hauwezi kusema hauna wa kumtuma.

HITIMISHO

Ndugu washarika na wageni wapendwa, Michenzani haikushindwa, wala haikutimia. Ni kazi ya watu waliopenda kesho ya Mzanzibari, wakaijenga kwa haraka, na wakaacha swali la utunzaji kwa watoto wao. Watoto hao ndio waliopo leo. Kuwalaumu waliotangulia ni rahisi, na hakuzibi ufa hata mmoja.

Mchenza uliopandwa kwa mbegu hauzai mwaka uleule. Anayeupanda hujua kwamba miaka ya kwanza ni ya kumwagilia na kuulinda na mbuzi, na kama ni mzee, hujua kwamba chenza la kwanza huenda likaliwa na mtoto wa jirani. Aliyeupa mtaa ule jina lake aliikuta miti ambayo mwingine aliipanda. Maadhimisho yajayo, ya miaka 200, yatasomwa na watu ambao hawajazaliwa bado. Watafungua vitabu vya ubatizo kama vilivyofunguliwa mwaka huu, wataona majina, kisha watatoka nje kutazama kilichobaki: kisima, paa, kivuli, mpaka wa kiwanja, na jirani anayewaamkia kwa heri. Kwa hayo watajua kama waliotimiza miaka 100 ya kwanza walisherehekea tu, au walipanda pia.

Mungu akibariki kisiwa hiki na wote wakaao juu yake. Amina.